Kuhama kwa Adabu

Hester Tranter alirudi nyumbani Ludlow kwa likizo ya Pasaka mwaka 1983 akiwa na begi la nguo chafu, wino kwenye magoti, na karipio kali la matroni wa bweni alilotakiwa kuwafikishia wazazi wake kwa mdomo. Karipio hilo alikuwa amelisahau, kwa juhudi kubwa, kabla treni haijaondoka stesheni. Alikuwa na miaka kumi na mitano. Shuleni ilisemekana kwamba ni yeye aliyeivisha sanamu ya mwanzilishi wa shule kaptura ya mwalimu wa michezo, ingawa jambo hilo halikuwahi kuthibitishwa, na Hester mwenyewe alilihuzunikia hadharani kuliko mtu mwingine yeyote.

Alipofika kwenye lango la nyumba yao alikuta kibao kimesimikwa kati ya mawaridi. Kiliandikwa INAUZWA kwa herufi nyekundu, na chini yake jina la dalali, Bwana Lomax.

Alikuwa ameambiwa. Hilo lazima lisemwe, kwa kuwatendea haki wazazi wake. Mama yake alimpigia simu shuleni mwezi Februari, naye akaipokea kwenye simu ya chini ya ngazi, ile inayotumiwa na bweni zima, huku nyuma yake kukiwa na foleni ya wasichana na mmoja wao akimtafunia biskuti karibu na sikio.

"Baba yako na mimi tumekuwa tukifikiria labda tuhame," mama alisema. "Sidmouth, karibu na bahari. Ila kama una neno, mwanangu, sema."

Hester alikuwa na maneno mengi. Lakini katika bweni lile mtu halii kwenye simu ya chini ya ngazi kama anataka kuendelea kuishi. Kwa hiyo akasema, "Sina neno, Mama. Kwanza mimi nyumbani nakaa siku ngapi?"

"Kweli huna neno?"

"Itakuwa vizuri."

"Basi sawa," mama akasema, na wote wawili wakakata simu wakiwa wameridhishana na kuhuzunishana kwa kiwango kilekile.

Jambo ambalo Hester hakulisema ni hili. Usiku, taa za bweni zikizimwa na usingizi ukikataa kuja, yeye alikuwa na njia yake ya kuuita. Alifumba macho akaingia nyumbani kwao. Alianzia langoni, linalofunguka ukilinyanyua kidogo. Akapita ukumbini penye harufu ya makoti yaliyolowa mvua. Akapanda ngazi, akaruka kipandio cha tatu kwa sababu kinalia, akafungua kabati la tangi la maji ya moto ambamo mama hupanga taulo, akaingiza uso kwenye taulo la katikati. Mara nyingi hakufika chumbani kwake. Alilala palepale kabatini, akiwa na uso kwenye joto. Msichana wa kitanda cha pili alikuwa akihesabu farasi, mwingine akisali. Hester alikuwa na nyumba. Sasa nyumba hiyo ilikuwa imewekewa kibao, na yeye ndiye aliyesema itakuwa vizuri.

Basi akaamua isiuzwe.

Mtaani habari ilishaenea, na watu wote waliipokea kwa furaha ya kutisha. Mke wa kasisi alisema hewa ya bahari ni dawa ya mapafu. Muuza nyama alisema mwanzo mpya humrudishia mtu ujana, kisha akaongeza soseji moja kwenye kifurushi, kama anayempa mgonjwa. Kila mmoja alimalizia kwa maneno yaleyale: "Si mbali. Lazima tuje kuwaona."

"Lazima mje," mama alijibu kila mara.

Ikawa hivyo mtaa mzima, lazima tuje, lazima mje, na hakuna hata mmoja aliyeuliza treni ya kuelekea Sidmouth hupitia wapi.

Jirani wa upande wa kushoto, Bwana Pugh, alikuwa mjane mwenye masikio makubwa na kabichi kubwa zaidi. Yeye na baba yake Hester walikuwa na mashine moja ya kukatia nyasi, ya kusukuma kwa mikono, waliyoinunua kwa ubia kabla Hester hajazaliwa. Jumamosi hii ilikuwa zamu ya Pugh, Jumamosi ijayo zamu ya Tranter. Mashine ilipita kwenye uwazi wa ugo wa miti uliokatwa makusudi kwa ajili yake, na Hester alipokuwa mdogo aliamini kwamba uwazi ule ni mlango wa mashine na kwamba watu hawaruhusiwi. Miaka yote hiyo waliitana Bwana Pugh na Bwana Tranter. Kuitana Gethin na Desmond kungekuwa kuharakisha mambo.

"Kwa hiyo mnaondoka," Bwana Pugh alisema juu ya ugo.

"Inaelekea hivyo," baba alisema.

"Bahari."

"Bahari, ndiyo."

"Wenye bahati nyie." Bwana Pugh alitazama kabichi zake kwa muda. "Itabidi nije kuwaona."

"Lazima uje."

Mashine ilikuwa imesimama kwenye uwazi, nusu huku na nusu kule, na hakuna aliyeuliza itabaki kwa nani.

Bwana Lomax, dalali, alikuwa mtu wa tai pana na imani pana. Aliwaelekeza wapange maua mezani na mama aoke mkate asubuhi ya kila siku ya wageni, kwa kuwa harufu ya mkate, alisema, imeuza nyumba nyingi kuliko paa zima.

Wageni wa kwanza walikuwa Bwana na Bibi Fothergill, walimu wastaafu. Hester alijiandaa kwa kununua samaki wa kukaushwa kwa moshi, akamtumbukiza nyuma ya chuma cha kupasha joto sebuleni, akafungulia joto hadi mwisho. Ilikuwa kazi safi. Bweni zima lilikuwa limeshawahi kuhamishwa kwa wiki moja kwa sababu ya samaki mdogo kuliko huyo.

Lakini siku hiyo mambo yalimwendea vizuri kuliko alivyopanga. Koki ya jikoni, ambayo maisha yake yote haikuwahi kuvuja, ilikuwa ikidondosha matone makubwa, moja baada ya jingine, kama saa ya ukutani. Na kutoka bustanini kwa Bwana Pugh kulikuja uvundo mzito wa samadi ya nguruwe uliokutana na samaki katikati ya sebule, wakaelewana.

"Nyumba nzuri sana," Bibi Fothergill alisema, akipumua kwa mdomo.

"Ina tabia yake," mumewe alikubali. "Tutakwenda kulifikiria."

Walipoondoka mama alimuuliza Bwana Lomax, "Unaonaje? Wamesema watalifikiria."

"Ndiyo maana najua hawarudi," alisema Bwana Lomax. "Anayeitaka nyumba huuliza bei ya mapazia."

"Aa, masikini," mama alisema. Baba akasema, "Pole, Beryl," na mama akamjibu, "Pole wewe, mume wangu." Hester alitoka nje akacheka ndani ya kofia yake.

Mgeni wa pili alikuwa mjane wa daktari, mwenye mkoba na mwavuli. Hester alijitolea kumtembeza ghorofani. Walipofika juu alisimama, akakunja mikono kama anayesoma somo kanisani, akasema, "Chumba hiki kilikuwa cha babu. Bado hukitumia kidogo."

"Babu yako anaishi hapa?"

"Hapana, bibi. Alifariki mwaka 1971. Lakini ana adabu sana. Hukohoa tu, kisha hushuka ngazi."

Wakati huo huo paka alikanyaga kipandio cha tatu. Kililia kwa muda mrefu, kwa huzuni. Mjane wa daktari alishuka kwa kupitia ukingoni mwa ngazi, akakuta jikoni moshi umetanda, na mama, mwanamke aliyeshinda kombe la mikate kwenye maonyesho ya kanisa mara nyingi hadi akaombwa apumzike, akitoa ovenini kitu cheusi kama kiatu.

"Bustani inapendeza," alisema mjane, akaondoka. Hata kuifikiria hakuahidi.

"Sijui nimefanyaje," mama alisema, akiutazama mkate.

Hester alianza kuamini kwamba Mungu mwenyewe hapendi Watranter wahame. Ndivyo alivyoelewa koki, samadi na mkate. Shuleni alipata alama ya chini kabisa katika somo la mantiki, na sasa mtu anaweza kuona kwa nini.

Jumamosi iliyofuata walitarajiwa wageni wa tatu, watu wa Wolverhampton. Hester aliingia jikoni kwa ncha za vidole, samaki mpya amefungwa kwenye gazeti. Alikuta miguu ya baba yake imetokeza chini ya sinki.

"Baba?"

Kisha ikaja sauti ya mtu anayefikiri haraka. "Nakaza."

"Unalegeza."

"Huwezi kuliona hilo kutoka hapo."

"Maji yanakuingia sikioni, Baba."

Kabla hajapata jibu, mama aliingia na aproni yake, akaenda moja kwa moja hadi kwenye oveni, akazungusha kitufe cha moto hadi kikagoma, akageuka. Akawaona. Mkono wake ulibaki nyuma, umeshikilia kitufe, kama mtoto aliyekutwa kwenye sukari.

"Oveni hii imekuwa baridi," alisema.

"Mkate umeiva tangu nilipokuwa naoga," Hester alisema. "Nimeunusa."

"Na wewe una nini kwenye gazeti hilo?"

"Samaki."

"Samaki wa nini?"

"Wa sebuleni."

Baba alitoka chini ya sinki taratibu, akakaa sakafuni akiwa na spana mapajani. Alimtazama mkewe, akatazama oveni, akamtazama binti yake, akatazama gazeti. Matone ya koki yalihesabu muda kwa niaba ya wote.

"Kuna anayetaka chai?" mama aliuliza.

"Beryl," baba alisema. "Nilidhani wewe unaitaka bahari."

"Mimi? Wewe ndiye uliyesema. Kiangazi kile, ukutani pale ufukweni. Ulisema mtu angeweza kuishi hapa."

"Nilikuwa nakula chipsi. Mtu akila chipsi kwenye jua husema chochote."

"Nami nikasema kwa nini tusiishi, ili usije ukajiona umekatazwa."

"Nami nikaenda kwa Lomax ili usije ukaona hukusikilizwa."

Wote wawili wakamgeukia Hester.

"Wewe ulisema huna neno," baba alisema, kwa sauti ya kuumia.

"Nyuma yangu kulikuwa na foleni," Hester alisema. "Na biskuti." Halafu, bila kupanga, akaanza kulia na kucheka kwa pamoja, jambo ambalo lingemgharimu heshima yake yote bwenini. Mama akacheka. Baba, ambaye hucheka bila sauti, alitikisika hadi spana ikaanguka. Walikaa sakafuni wote watatu, na kwa muda ule mfupi nyumba ilikuwa yao kuliko ilivyowahi kuwa. Mama aliikata ile sehemu ya mkate isiyoungua wakaila na siagi. Baba alisema Jumatatu asubuhi atampigia simu Lomax aje kung'oa kibao chake, na mama akasema akitaka, yeye mwenyewe atakisaidia kung'oka.

Kengele ya mlangoni ikalia.

"Watu wa Wolverhampton," mama alinong'ona. "Wamepanda mabasi mawili kufika hapa."

"Tuwaambie tu pale mlangoni," Hester alisema.

Wazazi wake walimtazama kana kwamba amependekeza wawamwagie maji ya moto.

"Hatuwezi kuwarudisha mlangoni watu waliopanda mabasi mawili," baba alisema. "Tutawatembeza. Kwa heshima tu. Kisha tutawapa chai, kisha tutawaambia."

Bwana Ockenden alikuwa kijana mwembamba, fundi bomba kwa kazi. Mkewe Tessa alikuwa mjamzito, mwenye koti lisilofungika tena. Alisimama ukumbini akavuta pumzi ndefu, akavuta moshi wa mkate, makoti yaliyolowa, samadi ya Bwana Pugh iliyokuwa kali siku hiyo kuliko siku zote, na samaki aliyekuwa bado mkononi mwa Hester.

"Nyumba ya bibi yangu ilinuka hivihivi," alisema.

Mumewe alisikia koki ikidondosha, akaenda kuitazama kwa mapenzi. "Hii ni washa tu, kile kipete cha mpira," alisema. "Unaniruhusu, bwana?" Akaitengeneza akiwa amevaa koti lake zuri, kwa spana ya baba, na baba akashikilia taa.

Hester alimpandisha Tessa ghorofani. Tessa alikanyaga kipandio cha tatu, kikalia, akarudi akakikanyaga tena kwa kukipenda. Chumbani kwa Hester aliketi kitandani bila kuombwa, akatazama nje kwenye uwazi wa ugo na nyasi za pande zote mbili, na machozi yakamtoka.

"Nisamehe," alisema. "Tumetembelea nyumba nyingi, zote zimepakwa rangi nyeupe kama hospitali. Hii ndiyo ya kwanza inayoonekana watu wameishi ndani yake na hawakujuta." Alijifuta kwa mkono wa koti. "Niambie kweli, dada. Hutaumia kuiacha?"

Hakukuwa na foleni. Hakukuwa na biskuti. Hakukuwa na mtu mwingine ghorofa nzima, na swali lilikuwa limeulizwa na mtu aliyetaka jibu. Hester alifungua mdomo, akaona lile koti lisilofungika.

"Hapana," alisema. "Mimi nakaa bweni. Itakuwa vizuri."

Chini, jikoni, Bwana Ockenden aliuliza bei ya mapazia. Kisha akasema watalipa bei yote iliyotajwa, bila kupunguza, kwa sababu mkewe hajalia kwa furaha tangu majira ya baridi. Akanyoosha mkono. Baba alimtazama mama. Mama alikuwa akimmiminia Tessa chai na tayari alikuwa akimweleza oveni inavyodanganya upande wa kulia. Baba alivuta pumzi ya kusema yale waliyoafikiana sakafuni, na Hester aliyaona yakipanda hadi kooni, yakasimama pale, yakageuka, yakateremka.

"Tungefurahi sana," baba alisema, akaushika ule mkono.

Kisheria walikuwa bado wanaweza kughairi. Katika nchi ile hakuna mauzo mpaka pande mbili zibadilishane mikataba iliyotiwa saini, na watu hughairi kila siku. Jumatatu baba alisimama mbele ya simu kwa muda mrefu. Lakini asubuhi hiyohiyo Tessa alikuwa ametuma chungu cha maua ya buluu na shukrani zake, na mama alikuwa ameshayaweka dirishani. Baba aliyatazama maua, akarudisha simu mahali pake.

"Wameshachagua rangi ya chumba cha mtoto," alisema.

"Huwezi kuwafanyia watu hivyo," mama alisema.

Ndivyo Watranter walivyoipoteza nyumba yao kwa adabu.

Waliagwa kwa chai kwenye ukumbi wa kanisa. Kulikuwa na keki yenye umbo la meli na kadi kubwa iliyotiwa saini na watu ambao wengine hawakuwa na uhakika ni nani anaondoka. Wote walifurahi kwa niaba yao. Wote walisema lazima waje. Muuza nyama, ambaye hakuwahi kutoka nje ya kaunti, alisema atakuja Agosti na atalala kwenye sofa.

Asubuhi ya mwisho Hester, aliyeombewa ruhusa shuleni, alipita nyumba nzima kwa mpangilio wake wa usiku, ila sasa macho yalikuwa wazi. Ukumbi haukuwa na makoti lakini harufu yao haikuwa imeondoka. Aliruka kipandio cha tatu, kisha akarudi akakikanyaga, kikalia. Kabati la taulo lilikuwa tupu na bado la moto, likizipasha joto mbao zake lenyewe. Akaingiza uso humo. Mama alimwita mara kadhaa kutoka chini, halafu akaacha kumwita, akamsubiri.

Bwana Pugh hakutoka kuaga. Walimwona kupitia uwazi wa ugo akiwa mlangoni mwa kibanda chake cha vifaa, amewapa mgongo, akiipaka mafuta mashine ya nyasi ambayo ilishapakwa juzi.

Nyumba ya Sidmouth haikuwa na ghorofa, kwa hiyo haikuwa na ngazi, kwa hiyo haikuwa na kipandio cha aina yoyote. Mbele na nyuma ilizungukwa na kokoto nyeupe. Mwenye nyumba wa zamani alijivunia kwamba haidai kazi yoyote bustanini, na ni kweli, baba alitoka nje kila Jumamosi akasimama juu ya kokoto zake na mikono mfukoni, hakudaiwa chochote. Shakwe, wale ndege weupe wa pwani, walimwibia mama mkate dirishani. Bahari ilikuwa palepale kila asubuhi. Waliitazama kwa heshima.

Kwenye simu walisema hivi: "Pazuri sana. Hewa, jamani, hewa. Lazima mje." Watu wa Ludlow walijibu lazima waje. Agosti ilifika, na muuza nyama hakufika nayo. Hester, akiwa kwenye likizo ndefu, alilala kwenye chumba kilichonuka rangi na usiku alijaribu kuingia nyumbani kwa macho yaliyofumbwa. Alilinyanyua lango, likafunguka. Lakini ukumbini alikuta makoti ya Bwana Ockenden, akaona haya kupita katikati ya vitu vya watu, akageuka.

Jumamosi moja, walipokuwa wanakula mayai, gari dogo la kijani lilisimama nje kwa mlio wa gia. Buti yake ilikuwa imefungwa kwa kamba kwa sababu haikufungika, na kilichotokeza nje ni mpini wa mbao uliosuguliwa na viganja vya wanaume wawili hadi ukang'aa.

Bwana Pugh alitoka, akajinyoosha mgongo, akaanza kufungua kamba bila kusalimia.

"Bwana Pugh," baba alisema kutoka mlangoni. Leso yake ilikuwa bado shingoni.

"Bwana Tranter. Ni zamu yako."

Baba alitazama mashine. Akatazama kokoto. Bwana Pugh naye akatazama kokoto, na uso wake mkubwa ukaanza kuwa mwekundu kutoka kwenye masikio.

"Hukuniambia hamna nyasi," alisema.

"Hukuuliza," baba alisema.

Ilikuwa hatari, wanaume wawili wamesimama hivyo. Hester aliangalia huku na huku, akaona ng'ambo ya barabara kipande cha nyasi cha manispaa, chenye kibao kinachokataza mpira. Nyasi zake zilikuwa ndefu na za aibu.

"Zile pale hazina mwenyewe wa kuzijali," alisema.

Baba alivua leso. Alivuka barabara akiisukuma mashine mbele yake, na ile sauti ikaanza, ya visu vikipigana na chuma, ile sauti ya Jumamosi zote za Hester. Mama alitoka akasimama kizingitini, akafunika mdomo kwa aproni. Bwana Pugh alisimama pembeni akisema, "Umeruka mstari," na baba akasema, "Sijaruka," na ilikuwa kama zamani, isipokuwa shakwe.

Baadaye, mezani, Bwana Pugh alizungusha kikombe chake. "Yule kijana Ockenden ni mtu mzuri. Mtoto mzuri. Wana mashine ya umeme." Akanywa. "Ameniuliza kama ni vibaya akiziba ule uwazi kwenye ugo."

"Ukasemaje?" mama aliuliza.

"Nikasema ni sawa kabisa."

Bwana Pugh aliweka kikombe chini kwa uangalifu, kama mtu anayeshusha mzigo asioruhusiwa kuuvunja.

"Sikutaka muondoke," alisema.

Mama alimimina chai hadi ikafurika kwenye sahani. Baba alitazama meza. Katika ukoo mzima wa Tranter hapakuwahi kusemwa jambo kama hilo mbele ya mayai.

"Hata sisi," baba alisema.

"Sasa mbona hamkusema?"

"Na wewe mbona hukusema?"

"Nilisema," Bwana Pugh alisema. "Kwani mlidhani ile samadi ilikuwa ya nini? Kabichi haziwekewi samadi mwezi ule. Nilikwenda kuinunua mji wa Craven Arms kila Lomax alipoleta wageni. Nimenuka mpaka Juni."

Hester aliweka uma chini. Alijiona yeye, baba, mama na Bwana Pugh, kila mmoja kwenye kona yake na hila yake, wakiitetea nyumba moja kimyakimya dhidi ya wao wenyewe. Alitamani sana kucheka, akaona baba yake ameshaanza kutikisika.

Bwana Pugh aliondoka kabla ya jua kushuka kwa sababu ya kabichi zake. Aliingia garini, akafunga buti iliyokuwa tupu, akashusha kioo.

"Jumamosi ijayo ni zamu yangu," alisema. "Usichelewe, Desmond, nyasi zimeshakua." Akaondoka.

Walibaki wamesimama kwenye kokoto, mashine katikati yao, visu vyake vimejaa nyasi za manispaa.

"Ludlow ni mbali," mama alisema, kwa mara ya kwanza.

"Mbali sana," baba alisema. Aliugusa mpini. "Lakini mtu anaisubiri, Beryl. Hatuwezi kumfanyia hivyo."

"Haiwezekani," mama alikubali, naye alikuwa tayari anafikiria mkate wa njiani, na Tessa angependa mmoja.

Hester alikwenda kutafuta kamba.